Nyota za Kilimia kwenye Pua ya Gari Langu

Kwa miaka tisa sasa ninaendesha Subaru Forester, na katika muda wote huo swali ninaloulizwa mara nyingi zaidi si kama gari linakula mafuta wala kama spea zake zinapatikana kwa urahisi, bali ni kwa nini mtu akishanunua Subaru huwa hataki tena kusikia habari za gari jingine. Zamani nilikuwa nikilijibu haraka, kwa maneno kama "lina nguvu" au "limetulia barabarani", kisha mazungumzo yakaendelea. Kadiri nilivyozidi kuisoma historia ya kampuni hii ndivyo nilivyotambua kwamba majibu yale yalikuwa mepesi mno. Kuridhika kwa mwenye gari na uimara wa gari lenyewe ni mambo mawili, ambayo mara nyingine huongozana na mara nyingine huachana njiani, na sijui kampuni nyingine ya magari ambayo historia yake inaionyesha tofauti hiyo waziwazi kama hii.

Nianze na jina, maana ndilo lililonivuta kabla sijajua lolote kuhusu injini. Subaru ni jina la Kijapani la kundi lile la nyota ambalo Kiswahili kinaliita Kilimia. Ukiitazama nembo iliyo kwenye pua ya gari utaona nyota 6, moja kubwa na 5 ndogo zilizokaa upande wake. Tarehe 15 Julai 1953 kampuni 5 ziliweka mtaji wa pamoja na kuanzisha kampuni ya Fuji Heavy Industries, ambayo mwaka 1955 ilizimeza zote. Nyota kubwa ndiyo hiyo kampuni mpya, na zile ndogo ndizo zilizoizaa. Aliyelichagua jina hilo ni Kenji Kita, aliyekuwa mkuu wa kampuni, na neno lenyewe kwa Kijapani linabeba pia maana ya kukusanyika pamoja. Wahenga wetu walisema kwamba Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, na kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Sijapata maneno mengine yanayoieleza vizuri zaidi safari ya kampuni hii katikati ya karne iliyopita, kwa sababu ilizama ikiwa kitu kimoja na kuzuka ikiwa kitu kingine kabisa.

Mzizi wake ni ndege. Mwaka 1917 Chikuhei Nakajima, mhandisi aliyeacha kazi katika jeshi la majini, alianzisha maabara ya utafiti wa ndege katika mji wa Ota, mkoani Gunma, na maabara hiyo ikakua hadi kuwa Nakajima Aircraft, mojawapo ya viwanda vikubwa kabisa vya ndege nchini Japani. Hata ndege ya kivita ya Zero, ambayo ilibuniwa na Mitsubishi, nyingi zaidi ziliundwa na Nakajima. Vita vilipokwisha mwaka 1945, Japani ilikatazwa kuunda ndege, na kampuni ile ikakatwakatwa vipande. Wahandisi waliokuwa wakipima uzito wa kila ribiti ya bawa la ndege wakajikuta wana karakana, wana vifaa, wana ujuzi, na hawana cha kutengeneza.

Walichofanya kinanigusa kila ninapokikumbuka. Mwaka 1946 walianza kuunda skuta iliyoitwa Rabbit, na skuta za kwanza zilivishwa magurudumu ya mkia ya ndege za mabomu yaliyokuwa yamebaki bohari. Gurudumu lililotengenezwa ili libebe mkia wa ndege ya vita inapotua sasa likambeba mtu anayekwenda kazini. Miaka michache baadaye, mwaka 1954, likaja gari lao la kwanza, Subaru 1500, ambalo bodi yake iliundwa kama ya ndege, yaani ganda lenyewe ndilo linalobeba uzito badala ya kutegemea chasisi nzito ya chuma iliyolazwa chini. Yaliundwa magari 20 tu, na hayakufika madukani.

Mhandisi aliyeongoza kazi hiyo aliitwa Shinroku Momose, naye alitoka katika kazi ya ndege, na kwa maoni yangu ndiye mtu muhimu kuliko wote katika habari hii. Baada ya Subaru 1500 alipewa kazi ngumu zaidi: kuunda gari dogo ambalo familia ya kawaida ya Kijapani ingeweza kulimudu, lenye injini isiyozidi ujazo ambao sheria iliruhusu kwa magari madogo, na bado liweze kubeba watu wazima wanne. Subaru 360 ilitokea mwaka 1958. Injini yake ilikuwa ya sentimita za ujazo 356, imewekwa nyuma, inapozwa kwa upepo, na gari zima lilikuwa na uzito wa kilo 385. Mtu aliyezoea kupima gramu kwa gramu ili ndege ipae ndiye anayeweza kufikia kipimo kama hicho. Hata paa lilikuwa la plastiki iliyoimarishwa kwa nyuzi za kioo, ili uzito wa juu upungue. Wajapani wakalipa jina la mdudu kibibi, yule mwekundu mwenye madoa, na walilipenda kweli, kwani liliendelea kuundwa hadi mwaka 1971.

Gari hilohilo lilipopelekwa Marekani mwaka 1968 lilipokewa kwa namna nyingine kabisa. Mfanyabiashara Malcolm Bricklin aliliingiza kwa bei ya dola 1,297, akinufaika na ukweli kwamba lilikuwa jepesi kiasi cha kutobanwa na kanuni za usalama zilizohusu magari mazito zaidi. Mwaka 1969 jarida la Consumer Reports lililipima na kutoa hukumu kwamba halikubaliki. Kwenye barabara kuu za nchi ile, katikati ya magari yenye uzito mara nne au tano ya uzito wake, gari la kilo 385 lilikuwa hatari, na jarida lilikuwa na haki ya kusema hivyo. Ninaomba msomaji aikumbuke hukumu hiyo, kwa sababu nitairudia.

Wakati mzozo huo ukiendelea ng'ambo, Momose alikuwa ameshafanya uamuzi ambao mimi na wenzangu wenye Subaru tunauendesha mpaka leo. Mwaka 1966 kampuni ilitoa Subaru 1000, gari linalovutwa na magurudumu ya mbele, lenye injini ya boksa ya silinda 4. Katika injini za kawaida pistoni husimama wima na kupanda na kushuka; katika injini ya boksa pistoni zimelala ubavu, mbili upande huu na mbili upande ule, na kila pistoni ya kushoto inapotoka nje mwenzake wa kulia naye hutoka nje, kama mabondia wawili wanaogonganisha ngumi kabla ya pambano. Kwa kuwa msukumo wa upande mmoja hufutwa na wa upande wa pili, mtikisiko hupungua sana. Tena, kwa kuwa injini imelala, uzito wake hukaa chini karibu na barabara, na gari halielemei sana upande linapokata kona.

Ubora huo una gharama yake, na anayeijua gharama hiyo vizuri ni fundi. Nakumbuka siku ya kwanza nilipopeleka gari langu kubadilishwa plagi. Kwenye magari mengi plagi zipo juu, unazifungua ukiwa umesimama wima. Kwenye hili zimejificha ubavuni, karibu na kuta za chumba cha injini, na ili uzifikie unaanza kwa kutoa betri na chupa ya maji ya waipa upande mmoja, kisha boksi la kichujio cha hewa upande wa pili. Fundi wangu, mzee mmoja mpole asiyependa kuharakishwa, alilaza kifua chake juu ya taulo, akaingiza mkono hadi kwenye kiwiko, akafumba macho.

"Shikamoo mzee, mbona umefumba macho?" nilimuuliza.

"Marahaba, mwanangu. Hapa macho hayasaidii. Plagi ya Subaru huioni, unaipapasa."

Nilimwona akigeuza ile spana kidogokidogo, robo mzunguko kwa kila mara, kwa kuwa nafasi haikutosha zaidi ya hapo. Ilimchukua saa moja na nusu. Alipomaliza hakulalamika hata kidogo. Alisema tu kwamba aliyeibuni injini hii alikuwa akimfikiria dereva kuliko fundi, na tangu siku hiyo sijapata maelezo bora zaidi kuhusu chapa hii.

Sifa inayojulikana zaidi ya Subaru, ile ya kusukumwa na magurudumu yote manne, haikuanzia makao makuu. Ilianzia kaskazini mwa Japani, katika ukanda wa Tohoku, ambako theluji huanguka kwa wingi. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 kampuni ya umeme ya eneo hilo ilihitaji gari la mafundi wake wanaokwenda milimani kukagua nyaya wakati wa baridi. Walikuwa wakitumia magari ya aina ya jipu, ambayo hayakwami, lakini ndani yake ni baridi na safari yake huchosha mwili. Wauzaji wa Subaru wa mkoa wa Miyagi walichukua gari aina ya FF-1 lililokuwa likivutwa na magurudumu ya mbele pekee, wakaliunganishia propela, yaani ule mhimili mrefu unaopeleka nguvu nyuma, na difu ya nyuma, yaani gia zinazoyagawia magurudumu nguvu hiyo, iliyotoka kwenye gari la kampuni nyingine, nalo likaenda. Injini ya boksa iliifanya kazi hiyo iwezekane bila kupasua gari zima, kwa kuwa imelazwa kufuata urefu wa gari na giaboksi iko nyuma yake kwenye mstari uleule, hivyo kulikuwa kumebaki kuchukua nguvu kutoka mwisho wa giaboksi na kuipeleka nyuma moja kwa moja. Kampuni ikaliona, ikalikubali, na mwaka 1972 ikatoa Leone ya mizigo inayosukumwa na magurudumu yote manne, gari la kawaida la kupanda na kuketi vizuri ambalo halikuwa na sura wala tabia ya jipu.

Ninakaa sana kwenye kisa hiki kwa sababu naamini chanzo cha kuridhika kwa wenye Subaru kimo humo. Gari hili lilizaliwa kutokana na haja ya mtu mwenye kazi maalumu mahali palipo pagumu, na aliyeitatua haja hiyo alikuwa karibu na mtumiaji kuliko na meneja. Mtu akinunua chombo kilichoundwa kwa ajili ya shida kama yake, huitambua shida yake ndani ya chombo hicho. Hilo halipatikani kwa matangazo.

Miaka ya 1980 nitaipita haraka. Kampuni iliendelea kuboresha Leone, ikatoa magari madogo, na mwaka 1987 ikawa miongoni mwa za kwanza duniani kuuza kwa wingi gari lenye giaboksi isiyo na gia za hatua, ile ya mkanda. Mwisho wa muongo huo ndio uliobadilisha mambo, kwa sababu ya Legacy. Mnamo Januari 1989, kabla Legacy haijaanza kuuzwa, kampuni iliyapeleka magari yake kwenye uwanja wa majaribio wa Arizona, Marekani, na kuyaendesha kilomita 100,000 kwa mwendo wa wastani wa kilomita 223.345 kwa saa, usiku na mchana kwa karibu siku 19, yakisimama tu kujazwa mafuta, kubadilisha madereva na kufanyiwa matengenezo. Kilikuwa kithibitisho cha namna ambayo wahandisi wa ndege wangekielewa: usieleze, rusha.

Kisha ikaja Impreza mwaka 1992, na mashindano ya dunia ya rali ya magari, ambayo Subaru iliyaendesha kwa kushirikiana na kampuni ya Kiingereza ya Prodrive. Colin McRae alitwaa ubingwa wa madereva mwaka 1995, Richard Burns mwaka 2001, Petter Solberg mwaka 2003, na ubingwa wa watengenezaji ulichukuliwa mara tatu mfululizo kuanzia 1995 hadi 1997. Watu wengi wa umri wangu waliijua chapa hii kupitia rangi ya buluu na magurudumu ya dhahabu, na kupitia mlio wake. Mlio huo wa kugugumia, ambao ukiwa ndani ya nyumba unakuambia ni gari gani limepita nje, unatokana na jambo dogo la kimakanika: katika injini zile za tabo, yaani zenye kipuliza hewa kinachozungushwa na moshi wa injini, mabomba yanayotoa moshi kutoka pande mbili za injini yalikuwa na urefu usiolingana, kwa hiyo mapigo ya moshi hayakufika kwenye tabo kwa vipindi sawa. Baadaye, kwenye baadhi ya injini, wahandisi waliyasawazisha mabomba hayo ili moshi utoke vizuri zaidi. Kitaalamu lilikuwa jambo sahihi. Wenye magari wakasikitika, kwa sababu gari lao lilikuwa limepoteza sauti yake. Ukiitazama takwimu ya ubora huoni kasoro yoyote hapo, na ukimuuliza mwenye gari anakuambia amepungukiwa na kitu.

Hapo ndipo tofauti niliyoitaja mwanzoni inapoanza kuonekana, na miaka ya 1990 iliidhihirisha zaidi. Mauzo ya Subaru nchini Marekani yalikuwa yameporomoka, na kampuni ililazimika kujiuliza ni nani hasa waliobaki wakinunua magari yake. Utafiti wao ulikuta makundi ambayo hakuna mtengenezaji aliyekuwa akiyalenga: walimu, wahudumu wa afya, wataalamu wa kompyuta, watu wanaopenda kutembea milimani na porini, na wanawake wanaoishi pamoja kama wapenzi. Wote walitaka gari lisilojivuna, linalobeba mizigo, lisilokwama. Kampuni ikaamua kuzungumza nao waziwazi badala ya kukimbizana na kila mtu, jambo lililohitaji ujasiri wakati ule. Ikaliinua gari la Legacy la familia na kulivisha jina la Outback, kisha mwaka 1997 ikatoa Forester, gari refu kidogo lenye madirisha makubwa, ambalo limekuwa langu. Mwaka 2008 iliuza Marekani magari yasiyofika 190,000. Mwaka 2009, uchumi ulipoanguka na kampuni nyingi za magari zikitetemeka, mauzo yake yalipanda. Na mwaka 2019 yakapita 700,000.

Sasa niseme yale ambayo mpenzi wa chapa hii hatakiwi kuyaficha. Injini ya boksa ya lita 2.5 iliyotumika mwishoni mwa miaka ya 1990 na miaka iliyofuata ilijulikana kwa kuvuja kwenye gasketi za silinda hedi, na kampuni ilifikia hatua ya kuwaelekeza wateja waongezewe dawa maalumu kwenye maji ya rejeta. Injini mpya zilizoifuata zilipotoka, baadhi zilikunywa oili kupita kiasi, na jambo hilo lilifikishwa mahakamani nchini Marekani. Mwaka 2017 ilibainika nchini Japani kwamba ukaguzi wa mwisho wa magari kiwandani ulikuwa ukifanywa kwa miaka mingi na wafanyakazi wasiokuwa na idhini inayotakiwa, na karibu magari 400,000 yakaitwa yarudi kukaguliwa upya. Hilo la mwisho ndilo lililoniuma zaidi, kwa sababu gasketi inaweza kushindwa bila mtu yeyote kudanganya, lakini muhuri wa mkaguzi haujigongi wenyewe.

Hata hivyo, katika miaka hiyohiyo ya lawama, wenye magari hawakuondoka. Kampuni ya utafiti ya J.D. Power ilipotoa mwaka 2019 uchunguzi wake wa kwanza kuhusu uaminifu wa wateja nchini Marekani, kwa kupima ni wangapi waliobadilisha gari wakanunua tena chapa ileile, Subaru iliongoza miongoni mwa chapa zisizo za anasa kwa asilimia 61.5. Kipimo hiki hakiulizi gari liliharibika mara ngapi. Vivyo hivyo, jarida la Consumer Reports huuliza mambo mawili kwa nyakati tofauti: kwanza ni matatizo gani yalilipata gari, na pili, kama ungerudi nyuma, ungelinunua tena gari hilohilo? Mtu anaweza kuwa na orodha ndefu kwenye swali la kwanza na bado akajibu "ndiyo" kwa moyo mmoja kwenye la pili. Kwa miaka mingi wenye Subaru walikuwa watu wa namna hiyo. Kisha, mwaka 2024, jarida lilelile lililosema mwaka 1969 kwamba Subaru haikubaliki likaiweka ya kwanza kati ya chapa zote katika orodha yake ya uimara. Ilichukua miaka 55 kwa swali la kwanza kulifikia la pili.

Kwa nini mtu hujibu "ndiyo" ilhali gari limempa taabu? Jibu langu nililipata kwa gharama yangu mwenyewe. Miaka minne iliyopita tairi langu moja lilipasuka kwenye mawe, na duka moja la matairi likanishauri ninunue tairi moja tu, kwa kuwa yale matatu mengine yalikuwa na uhai bado. Nilikubali. Baada ya miezi kadhaa gari likaanza kushtuka nilipokata kona kali kwa mwendo mdogo, mfano nilipokuwa nikiegesha: linasita, linaruka kidogo, kama mtu anayekokota mguu. Mzee wangu wa plagi alichukua utepe wa fundi cherehani, akauzungusha kwenye kila tairi, akanionyesha. Tairi jipya lilikuwa na mzingo mkubwa kuliko mengine kwa zaidi ya sentimita moja. Kwa gari la kawaida tofauti hiyo si kitu. Kwa gari ambalo magurudumu yote manne yamefungwa katika mfumo mmoja, klachi inayogawa nguvu kati ya mbele na nyuma inalazimika kuteleza kila dakika gari linapotembea, hupata moto, na hatimaye huchakaa. Nililipia klachi na matairi manne.

Nilikasirika kwa wiki moja. Katika wiki ya pili mvua kubwa ilinikuta usiku kwenye barabara ya udongo yenye mlima, nyuma nikiwa na mama mkwe aliyekuwa akitoka hospitali. Magari mawili yalikuwa yamelala pembeni. Nilikanyaga mafuta taratibu, nikausikia usukani ukilegea kidogo, kisha magurudumu ya nyuma yakashika, gari likapanda kwa mwendo wa mtu anayetembea bila kuyumba hata mara moja. Mama hakujua kwamba palikuwa na shida; aliniuliza tu mbona nimenyamaza. Taabu ya gari nilikuwa nimeipata mara moja katika miaka mitano, na fadhila yake niliigusa kwa mikono yangu katika dakika ile nilipoihitaji. Wanaojaza fomu za uchunguzi naamini wanafanya hesabu hiyohiyo.

Kuna fadhila nyingine ambayo haisemwi sana, nayo ni kuona. Wahandisi wa ndege walijua kwamba rubani asiyeona ni rubani aliyekufa, na desturi hiyo ilihamia kwenye magari: nguzo nyembamba za kioo cha mbele, madirisha makubwa, dashibodi iliyoshushwa. Forester yangu ni ya zamani na milango yake haina fremu kuzunguka kioo. Ukiufungua mlango kioo kinabaki kimesimama peke yake, na ukiufunga kinajipachika kwenye mpira kwa mlio mzito mfupi ambao watoto wangu huuiga. Wazo hilohilo la kuona ndilo lililozaa mfumo wa EyeSight. Kampuni ilianza kufanyia kazi kamera mbili zinazopima umbali kwa pamoja, kama macho ya binadamu, tangu mwaka 1989. Mfumo wenyewe ukatoka Japani mwaka 2008, na toleo la 2010 likaweza kulisimamisha gari kabisa kabla halijagonga, kwa nyongeza ya bei ya takriban yeni 100,000 tu. Teknolojia iliyokuwa ya magari ya matajiri ikawekwa kwenye gari la mwalimu.

Tangu mwaka 2017 kampuni imeacha jina la Fuji Heavy Industries na kujiita Subaru Corporation, na Toyota inamiliki takriban asilimia 20 ya hisa zake. Zimeunda pamoja gari la michezo la BRZ, linalotumia injini ya boksa, na gari la umeme la Solterra, lililotoka mwaka 2022. Hili la pili ndilo linalonifikirisha. Gari la umeme halina pistoni za kulala wala kusimama, halina propela, halina ule mlio, na kumpa kila gurudumu nguvu yake si muujiza tena kwa mtengenezaji yeyote. Kampuni ambayo imejengwa miaka 60 juu ya uamuzi mmoja wa Momose itabidi imwonyeshe mteja kitu kingine cha kukigusa kwa mkono.

Forester yangu inazeeka, na mke wangu ameshaanza kuniuliza tutanunua nini baada yake. Nimemwambia kwamba siku nitakapokwenda kulijaribu Subaru la umeme sitaanza na betri wala na kasi. Nitaketi kwenye kiti cha dereva, nitageuza kichwa kushoto na kulia, na kuangalia nguzo za kioo zinanificha kiasi gani cha barabara.